Bati Lililoshinda Chuma: Kuitetea Pikapu ya Vita

Tarehe 2 Januari 1987, askari wa Chad waliokuwa chini ya kamanda Hassan Djamous waliivamia Fada, mji wa jangwani kaskazini-mashariki mwa nchi yao, wakiwa juu ya pikapu za Toyota. Waliokuwa wakiulinda ni brigedi ya Libya, iliyokuwa imeikalia kaskazini ya Chad, yenye vifaru na deraya. Hesabu inayonukuliwa sana na wanahistoria wa kijeshi ni hii: Walibya 784 waliuawa, vifaru 92 vya T-55 na deraya 33 za BMP-1 zikateketezwa. Chad ilipoteza askari 18 na pikapu 3.

Pikapu 3 kwa vifaru 92. Hesabu hii imenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu inanukuliwa kama kioja na kisha inaachwa hapohapo. Swali la kwanza ni nani aliyehesabu. Maiti wa vita huhesabiwa na aliyebaki uwanjani, naye huwa na mkono mwepesi kwa maiti wa adui na mkono mzito kwa maiti wake. Haya, tumkate. Tupunguze hasara ya Libya iwe nusu, na ya Chad tuizidishe mara mbili. Tunapata Walibya 392 kwa Wachad 36, na vifaru 46 kwa pikapu 6. Hata kwa hesabu hiyo ya mtu mwenye shaka, ni zaidi ya watu kumi kwa mmoja. Na Fada haikuwa bahati ya asubuhi moja. Tarehe 22 Machi ilianguka Ouadi Doum, ngome iliyozungushiwa mabomu ya ardhini na yenye uwanja wa ndege ambao njia yake ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 3,800. Humo inasemekana walikufa Walibya zaidi ya 1,200, na Wachad 29.

Pamoja na hayo, picha za pikapu zenye rashasha zinapopita kwenye simu zetu, zikitoka Darfur, magharibi mwa Sudan, au Libya, maoni ni yaleyale: jeshi la gereji, watu waliokosa pesa ya kununua silaha za maana. Maofisa waliosomea vifaru nao husema jambo hilohilo kwa lugha ya heshima zaidi. Hoja yao si ya kubeza. Mlango wa Toyota ni bati. Risasi ya bunduki ya kawaida huingia upande mmoja na kutokea wa pili. Mpiga rashasha anasimama nyuma kifua wazi. Bomu la ardhini ambalo lingekata mnyororo wa kifaru tu, hapa linamaliza gari na waliomo. Kwa mtazamo huo, kuwapeleka vijana vitani kwenye chombo kama hiki ni kuwapeleka kaburini wakiwa wamekaa.

Ninachokataa ni lile neno umaskini. Mwaka 1940, huko Misri, Ralph Bagnold aliunda kikosi cha Waingereza cha safari ndefu jangwani, Long Range Desert Group. Hao walikuwa wanajeshi wa dola iliyokuwa na vifaru na viwanda vya kuvitengeneza. Walichofanya ni kuchukua malori ya kawaida ya Chevrolet, wakang'oa milango, wakaondoa paa la kibanda cha dereva, wakafunga kopo la kurudishia maji ya rejeta yanapochemka, wakabeba vipande virefu vya chuma vya kuweka chini ya tairi zikizama, kisha wakasimika rashasha. Chuma cha kujikinga hawakukiongeza hata kilo moja. Bagnold alikuwa amezunguka jangwa la Libya kwa gari miaka mingi kabla ya vita, na alijua kwamba kila kilo inayoongezwa ni lita ya maji au ya mafuta inayoachwa nyuma, na ni hatua moja kuelekea kuzama mchangani.

Hapo ndipo ulipo ubunifu wa gari hili, na ndiyo maana hauonekani: umefanyika kwenye vitu vilivyoachwa. Chukua mfano wa mzinga pacha wa ZU-23-2, ule wa milimita 23 unaoonekana sana kwenye picha hizo. Una uzito wa kilo 950. Pikapu ya Land Cruiser hubeba tani moja hivi. Yaani ukishausimika mzinga, umebakiwa na uzito wa mtu mmoja mwembamba, na bado hujapakia wapigaji, risasi, mapipa ya dizeli, maji na magodoro. Fundi anayelifunga gari la namna hii anafanya kazi ya uhandisi hata kama hana karatasi ukutani: anaongeza majani ya springi, anachomelea fremu itakayoshusha kishindo cha mzinga kwenye chesisi badala ya bodi, anafikiria mtutu utaelekea wapi ili dereva asipasuke masikio na gari lisipinduke mzinga unapolia kwa pembeni. Akiona hesabu haikubali, anashuka hadi rashasha ya DShK ya milimita 12.7, na gari linarudi kuwa jepesi. Kioo cha mbele wengi hukitoa, kwa kuwa kikimulikwa na jua kinaonekana kutoka mbali mno. Wengine hukata paa lote. Bodi inapakwa matope. Tairi zinapunguzwa upepo. Dereva wa Land Cruiser ya mkonga anayepeleka watalii porini ataelewa nusu ya haya bila kufundishwa na mtu.

Nani basi aliyeua vifaru vya Fada? Si bati, na hapa wapenzi wa Toyota nao wanahitaji kupunguza sauti. Kilichotoboa chuma kilikuwa kombora la MILAN lililotoka Ufaransa, lenye kufika karibu kilomita 2. Kombora hilo huruka sekunde kama 12 kufikia mwisho wa masafa yake, na muda wote huo mpigaji hana ruhusa ya kuondoa jicho kwenye shabaha. Sekunde 12 mbele ya kifaru ni nyingi sana. Kazi ya pikapu ilikuwa kumfikisha mpigaji huyo mahali ambapo kifaru hakikumtarajia, ubavuni au nyuma, na kumwondoa kabla mtutu haujageuka. T-55 ina tani 36. Walibya walikuwa wamevichimbia vifaru vyao kama mizinga ya ngome, vikingoja adui aje kwa upande uliopangwa. Adui alikuja kwa pande zote, tena akiwa na wenyeji wa jangwa lile, maana wapiganaji wengi wa kaskazini waliokuwa upande wa Libya walikuwa wameshamgeuka Gaddafi mwaka 1986. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba Walibya na T-55 zao walikuwa wameshapigwa Lukaya, Uganda, Machi 1979, walipokuja kumwokoa Idi Amin.

Iko pia simulizi inayopendwa kwamba Wachad walivuka mabomu ya ardhini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, bomu likalipuka gari likiwa limeshapita. Mimi siitegemei. Hoja ya pikapu inasimama bila hiyo, na kijana atakayeiamini anaweza kuijaribu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la anga. Mwaka 1987 anga ya Chad haikuwa ya Libya peke yake. Ndege za Ufaransa zilikuwa zimeupiga uwanja wa Ouadi Doum Februari 1986 na tena Januari 1987, na Marekani ilileta makombora ya begani ya kutungulia ndege. Ukitaka kuona pikapu bila mwavuli huo, tazama Aouzou, kaskazini kabisa mwa Chad. Wachad waliuteka mji huo tarehe 8 Agosti 1987. Ufaransa ikakataa kuwafunika kutoka angani huko. Tarehe 28 Agosti Walibya wakaurudisha. Siku 20 tu. Anayesema ushindi wote wa mwaka ule ulikuwa wa Wafaransa na si wa Toyota, huu ndio ushahidi wake, na ni mzuri.

Lakini asiishie hapo. Siku 8 baadaye, tarehe 5 Septemba, Djamous aliingiza magari ndani ya Libya kwenyewe, takriban kilomita 100 kutoka mpakani, hadi kituo cha ndege cha Maaten al-Sarra. Ndege zisizoweza kupigwa zikiwa juu zilikutwa zimeegeshwa. Zaidi ya 20 ziliharibiwa, na tarehe 11 Septemba vita vikasimamishwa. Kifaru gani kingefanya safari ile bila kufuatwa na msafara wa malori ya mafuta unaoonekana kutoka angani kama reli? Waingereza walikuwa wamewafanyia Wajerumani hivyohivyo Julai 1942 kwenye uwanja wa ndege wa Sidi Haneish, Misri, wakiwa na magari 18 ya jeep.

Leo mambo ni magumu zaidi. Februari 2019 ndege za Mirage za Ufaransa ziliuvunja msafara wa waasi wenye pikapu kama 40 ulioingia Chad kutoka Libya, na msafara huo haukuwa na jibu. Kisha zikaja droni, na sijui mahali pabaya pa kuwa chini ya droni kuliko nyuma ya pikapu isiyo na paa, mchana, vumbi likikutangaza. Hilo nalikubali lote. Nisichokubali ni hitimisho kwamba basi chuma kingesaidia. Vifaru vinaungua chini ya droni zilezile, na vinaungua vikiwa vimegharimu mara nyingi zaidi. Waingereza waliongeza kinga kwenye gari lao la namna hii, Jackal, likapita tani 6, na bado mabomu ya kutegwa ya Afghanistan yaliwaua askari wake.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Wepesi uleule uliomnyima kamanda wa T-55 muda wa kugeuza mtutu ndio uliowanyima wanakijiji wa Darfur muda wa kukimbia. Kinachotengenezeka gerejini kwa wiki moja hakimsubiri waziri wa ulinzi atie saini. Februari 2008 waasi walivuka Chad nzima kutoka Sudan kwa pikapu wakaingia N'Djamena. Mei mwaka huohuo waasi wa Darfur walivuka Sudan wakaingia Omdurman, ubavuni mwa mji mkuu Khartoum. Na serikali iliyoshinda Fada ilikuwa ya Hissène Habré, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mjini Dakar mwaka 2016. Djamous mwenyewe alishutumiwa kupanga mapinduzi Aprili 1989, akakamatwa, akafia mikononi mwa utawala aliouletea ushindi.

Mwenzake katika shutuma hiyo, Idriss Déby, aliponyoka hadi Sudan. Desemba 1990 alirudi na msafara wa Toyota na kuchukua nchi. Akatawala miaka 30. Aprili 2021 msafara mwingine ulishuka kutoka Libya, kupitia kaskazini ileile, naye akaenda mstari wa mbele, ambako jeshi lake lilikuwa limeupokea kwa pikapu za aina moja na za waasi. Tarehe 20 mwezi huo jeshi likatangaza kwamba rais amekufa kwa majeraha.