Marahaba Imenikwama Kooni

Sijalala, na aliyenikosesha usingizi ni kijana wa duka la muvi.

Nilikwenda kwa heshima zangu, flashi mfukoni, shati nimechomekea. Nikamwambia, kijana, ile katuni ya Kijapani uliyoniwekea, Death Note, episodi 37, ya 25 inagoma kufunguka.

"Shikamoo mzee. Ya 25? Si ndiyo ile anayokufa L?"

Marahaba ikanikwama kooni.

Anakufa nani? Usiku kumi nimekesha kwa ajili ya yule mpelelezi! Anakaa kitini magoti kifuani kama mgonjwa wa tumbo, anakula keki na hanenepi, lakini episodi ya pili tu kashatega mtego kwenye televisheni akajua muuaji yuko Kanto, upande wa Tokyo. Ya pili! Tamthilia za mke wangu, ya pili bado wanashuka kwenye gari.

"Kijana, kwa nini umesema?"

"Mzee, hii ni ya 2006. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nalea! Foleni ikacheka. Mama mmoja aliyefuata muvi za Kituruki akaniuliza kwa huruma, "Marehemu ni nduguyo?" Basi na mimi, mtu mzima ovyo, nikaanza kumweleza. Kuna daftari, limedondoshwa na Izraili wa Kijapani, jina lake Ryuk. Ukiandika jina la mtu huku sura yake unayo kichwani, sekunde 40, moyo unasimama. Kaliokota mwanafunzi, Light, anayeongoza darasani. Polisi wamemtegea kamera chumbani, na yeye mkono wa kulia anafanya hesabu, wa kushoto anaua watu, televisheni kaificha ndani ya pakiti ya krispi, na muziki unapigwa kama nchi inapata uhuru.

"Kwa hiyo anakula krispi," akasema mama.

Ndiyo, mama. Anakula krispi.

Ukiisema hivyo inakuwa upuuzi. Lakini usiku ule maharage yaliungua nikiwa nayasikia harufu na siinuki. Watu wawili, Light na L, wamekaa, hakuna ngumi, hakuna risasi, kila mmoja anawaza mwenzake anawaza nini, na wewe huku Mbagala jasho linakutoka.

"Na baada ya hapo?" nikamuuliza kijana, maana maji nilishayavulia nguo.

"Wanakuja watoto wawili, Near na Mello. Inakimbizwa, mzee. Utachoka."

Hela hakurudisha. Bodaboda wa kurudi naye akanipandishia nauli. Umeme nilikuta umekatika.

Halafu nikawaza, Light angekuja mtaani kwetu angezeeka na kalamu mkononi. Daftari lile linataka jina halisi. Baba Shufaa tunachangia ukuta mwaka wa 11, jina lake silijui. Fundi wa pikipiki ni Mchina, na hata Pemba hajafika. L anahangaika nini kuficha jina? Angehamia hapa, akaitwa Mzee wa Keki, basi.

Linalotuua sisi ni daftari la Mangi. Humo nimeandikwa "geti bluu, unga kilo 2, sabuni mche", na linanipata popote nilipo. Jioni napita kwa kunyata, mwanangu ananivuta mkono, anataka epo. Kwa nini epo? Kwa sababu Ryuk anakula epo. Ndizi hataki.

"Mangi, niandikie epo moja."

Mangi akafungua daftari, akanitazama usoni vizuri, akalamba kalamu.