Njema ya Warsaw

Jamani mimi nimechoka na Jumamosi. Tuko washkaji wanne hapa Warsaw, kila tukikutana lazima mmoja aseme twendeni bar mleczny, maana yake baa ya maziwa, na usije ukajipanga kwa bia, ni kantini ya bei chee, serikali inachangia hela kidogo ndo maana pamejaa wastaafu na wanafunzi.

Utaratibu wa pale sasa. Unapanga foleni, unalipa kwanza, unapewa risiti, unaipeleka dirisha la jikoni, unasimama mpaka mama wa ndani apige kelele jina la chakula chako, ukimaliza kula unarudisha sahani mwenyewe dirisha lingine. Yaani unalipia halafu unaajiriwa uhudumu.

Shida yangu ni hapo kwenye kulipa kwanza. Nyumbani mkishashiba ndo utasikia simu ya mmoja inaita, mwingine kaenda msalani harudi. Pale haiwezekani, kwa hiyo wenzangu wamebuni kwamba anayeagiza ndo anayelipa, na wa kuagiza ni mimi. Kisa? Eti mimi mtu wa Tengeru, Arusha, kwetu kuna makaburi ya Wapoland, wale wakimbizi wa vita ya pili walioletwa kuanzia 1942, walikuwa kama 5,000 hivi. "We shemeji yao, ongea nao." Ushemeji gani wa makaburini??

Juzi nikakataa, nikamsukuma jamaa wa Kisumu mbele. Akaonyesha kidole schabowy, ile nyama ya nguruwe ya kupondwa na kukaangwa na chenga za mkate. Mama wa kaunta akasema "nie ma", yaani hakuna, imeisha, ila ukiisikia ni njema kabisa. Jamaa akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Njema sana mama! Watoto wako poa?" Mama akarudia kwa sauti, nie ma! Jamaa akanigeukia, "Buda, huyu mathe anajua Kiswahili!" Foleni nyuma inaguna, bibi mmoja na kikapu chake ananiangalia mimi kana kwamba ndo nimemzaa. Nikarudi mbele. Nikalipa. Zloti 118.

Na hapo sijamsema Mzenji, yeye kila wiki lazima niulize kama kuna nguruwe, na jibu kila wiki ni kwamba ipo. Hata pierogi, ambazo ni kama sambusa iliyogoma kikaangoni ikaenda kuchemshwa, ndani viazi na jibini tu, safi, halafu juu wanakumwagia vipande vya mafuta ya nguruwe vimekaangwa vinalia kabisa! Basi anaishia zile chapati za maji zenye jibini tamu ndani, anazinyunyizia pilipili yake ya kusaga anayotembea nayo kwenye koti, watu wa meza ya jirani wanahama.

Mzee wetu wa Lubumbashi yeye ni żurek tu, supu ya unga uliochachushwa siku kadhaa, nilivyoionja mara ya kwanza nikajua ni uji uliolala, ila uji gani una yai na soseji? Mzee anapangusa bakuli na mkate, "iko muzuri hii", halafu anamalizia na kompot yangu. Yangu! Maji ya matunda ya kuchemsha, vuguvugu, wala sikuyapenda, lakini nimelipia mimi.

Tukatoka nje baridi inakata masikio, nikasema wazee, hela. Mzee akasema atanirushia kwa BLIK, hiyo ndo kama M-Pesa ya huku, ameanza kusema hivyo tangu Machi. Mzenji akasema inshallah. Nikamgeukia wa Kisumu ambaye Kipoland chote anajua neno moja, tena kajifunza siku hiyohiyo kwa hela yangu.

Akapiga mifuko yote miwili ya koti. "Nie ma, shemeji."