Jumapili Niliyogeuka Kanjo Kibuye

Kosa la kwanza lilikuwa la jaketi. Mwalimu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye kona ya duka kulikuwa na jaketi sita za kijani zenye mistari ya kumulika, ambazo mkandarasi fulani aliagiza asirudi kuzichukua. Sisi tuliojitolea kumfanyia kampeni tulikuwa sita. Mwalimu alifundisha hesabu miaka yake yote. Hakuwa mtu wa kuona sita na sita akanyamaza.

"Vaeni, watu wawaone kwa mbali," alisema.

Wakatuona.

Ilikuwa Mei 2022, uchaguzi ukingojwa tarehe 9 Agosti, na Mwalimu alitaka kiti cha mwakilishi wadi kama mgombea huru. Sera yake ilikuwa moja: serikali ipunguze mwili. Ada zipungue, vibali vipungue, na mama wa omena aachwe auze omena. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alikuwa akituambia. "Huyu wetu amekaa tangu 1963, na jembe hajalishika." Kifungu cha 209 cha Katiba alikijua kama Baba Yetu: kaunti itoze kodi ya majengo, kodi ya burudani, na nyingine inayoruhusiwa na sheria ya Bunge, na ikitaka ada ya huduma, basi huduma yenyewe ionekane. Tangu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 8 iwekwe kwenye mafuta Septemba 2018, kila akipita kituo cha petroli anapiga picha bei. Mwezi ule petroli ilikuwa imepita shilingi 150 kwa lita. Ukimwomba simu uone wajukuu, unaonyeshwa pampu.

Sasa, mgombea huru wa wadi lazima aungwe mkono na wapigakura 500 walioandikishwa humo humo, na wasiwe wanachama wa chama chochote. Hilo la pili ndilo lenye miiba. Unakumbuka 2021, Wakenya walipoingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kupewa fulana yake? Mmoja wetu alikuwa hivyo. Sahihi yake haikufaa kitu, tukamfanya mbeba maji.

Nikapangiwa Kibuye, soko kubwa la Kisumu, Jumapili, siku ambayo soko hufurika mpaka kando ya barabara. Jaketi kifuani, mkoba begani, ubao wa karatasi mkononi, na kalamu mbili zimening'inia shingoni kwa kamba. Nilijiona mwanaharakati.

Mama wa kwanza alikuwa na nyanya. Kabla sijafungua mdomo, alifungua fundo la leso, akanipachika shilingi hamsini kwenye ubao.

"Mama, hapana, mimi natafuta sahihi."

Akatia sahihi. Mbio mbio, bila kusoma. Kisha akageukia mteja.

Nikamrudishia ile hamsini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa jaketi ile alidhani mimi ni kanjo, mtoza ada wa kaunti. Mama alinitazama, akaitazama hamsini, akashusha sauti. "Ni ya jana ndiyo unataka pia? Jana sikuuza, nyathina, mwanangu." Akaongeza hamsini nyingine.

Ukitaka kujua uzito wa pesa, jaribu kuikataa sokoni. Jirani yake, muuza mitumba, alishaona kwamba huyu kijana wa leo hakubali ya siku moja. Akatoa mia kabisa. Nikamwambia kwa upole kwamba sisi tunapinga mambo ya ada. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia hukumu. "Sawa. Nihesabie tangu Jumatatu, lakini usiandike jina."

Upande wa viatu, vijana wawili walikunja turubai na bidhaa zote wakaingia uchochoroni. Nikawafuata nikipunga ubao, "Ngojeni! Mimi ni wa serikali ndogo!" Wakaongeza mwendo. Nimelifikiria sana neno lile baadaye. Wao walisikia "serikali" tu. Hiyo "ndogo" ilibaki nyuma ikihema pamoja nami.

Niliporudi, foleni ilikuwa imejipanga yenyewe. Mzee mmoja wa majembe ndiye aliyekuwa akiisimamia, na alikataza mtu kuruka mstari. Kila aliyefika mbele alitia sahihi, akaweka pesa, akasema deni lake. Watu waliungama, jamani. Mmoja alisema hajalipa tangu Februari, mkewe akiwa pembeni akishangaa, kwa sababu pesa ya kulipia huwa anamkabidhi kila asubuhi. Hao niliwaacha wakimalizana. Mimi nilikuwa na noti kwenye mkoba, sarafu mifukoni, na sina ujasiri wa kukataa tena, maana kila nikikataa bei inapanda.

Saa tano hivi akatokea mama wa makamo, mkoba wa ngozi kwapani, kitambulisho cha kazi kifuani. Mkusanyaji mwenyewe. Alianzia mwisho wa safu, na kila alipofika aliambiwa jambo moja: "Tumeshalipa. Kwa yule kijana."

Akaja polepole. Alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ni wa zoni gani?"

"Mama, mimi si wa zoni."

"Umetumwa kuchukua nafasi yangu?"

"Hapana, mama! Mimi sitaki hiyo nafasi iwepo kabisa!"

Halikuwa jibu zuri. Watu walishaanza kuuliza kama mimi ni tapeli, na mzee wa majembe, yule yule aliyekuwa akinilinda, akaliinua moja akilipima uzito. Nikamwaga kila kitu juu ya gunia la viazi: pesa, fomu, kipeperushi chenye picha ya Mwalimu. Yule mama alikisoma chote, mpaka pale palipoandikwa "Ada Chini". Akacheka hadi akaketi kwenye kreti ya soda.

Tulihesabu pamoja. Shilingi 2,340. Safu nzima ikaanza kuitwa, mmoja mmoja, huyu amelipa ya leo, huyu ya leo na jana, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na orodha ya majina na sahihi, ikabidi nimsomee naye akate risiti. Saa nzima. Mwanaharakati wa kupunguza serikali nikawa karani wake bila mshahara, juani, ndani ya jaketi ya nailoni.

"Safu hii haijawahi kunilipa yote hata siku moja," aliniambia tukimaliza. "Ukichoka na siasa, vibarua huwa wanahitajika." Nikamwomba basi naye anitilie sahihi. Akakataa: mtumishi wa umma haegemei upande. Lakini mumewe anauza vitanda upande wa pili wa soko, na huyo alitia.

Mwalimu alipopokea fomu jioni alifurahi, sahihi 83 kwa asubuhi moja. Nikamweleza zilivyopatikana. Akanyamaza, akatoa rula, akazipiga mstari 82. Mtu aliyetia sahihi akidhani ni risiti, alisema, hajamuunga mkono mtu. Akabaki mume wa mkusanyaji.

Mia tano tulizipata hatimaye, nyumba kwa nyumba, bila jaketi. Kura hazikutosha, sitaki kuzitaja.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kibuye kununua nyanya, nimevaa fulana tu. Yule mama aliniona tangu mbali, akaanza kufungua fundo la leso.

"Leo umechelewa," akasema.