Arobaini ya mzazi: uji umebaki, kazi zimemrudia

Mzazi akilalamika mwezi wa tatu baada ya kujifungua kwamba bado hana nguvu, hupata majibu ya aina mbili. Wazee humwambia hakukaa ipasavyo arobaini, yaani siku 40 za kulelewa baada ya uzazi: alishika maji ya baridi mapema, hakukandwa, uji aliunywa kwa kusukumwa. Wahudumu wa afya nao, walio wengi, huiona arobaini kuwa mila ya kuvumiliwa ilimradi isimuunguze mtu. Kwa maoni yetu pande zote mbili zinagombania chungu na maji ya moto, na kinachosahaulika ni kwamba arobaini ilimwondolea mwanamke kazi. Familia nyingi za mjini zimebakiza uji na kukandwa, huku ndoo, nguo na jiko vikimrudia mzazi wiki ya pili.

Siku 40 zenyewe zina mantiki. Mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki 6 kurudia ukubwa wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiriwa kurudi kazini ndani ya wiki 6 za kujifungua mpaka daktari athibitishe kuwa anaweza. Ila tusiifanye arobaini kuwa cheti cha kupona. Hata katika fiqhi ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, nifasi, yaani damu ya uzazi, huweza kufika siku 60. 40 ni kawaida yake tu, na hiyo ni hesabu ya damu na ibada.

Tuje kwenye chungu. Anayenyonyesha bila kumchanganyia mtoto kitu kingine anahitaji nyongeza ya takriban kilokalori 500 kwa siku. Nusu lita ya uji mwepesi wa sembe na pilipili manga, uliotumia gramu 50 za unga, haitoi hata 200. Inampa maji na joto, jambo jema, lakini tumbo hujaa kabla mwili haujalipwa. Uji huohuo ukipikwa kwa nusu lita ya maziwa badala ya maji, na mayai mawili ya kuchemsha pembeni, unavuka nyongeza inayotakiwa. Mtori nao ni chakula cha maana ikiwa nyama imo, kwa sababu ndizi inaleta nguvu na nyama ndiyo inayoleta madini ya chuma. Si ajabu kukuta mzazi amepewa rojo na vipande vya nyama vimekwenda kwa wageni waliokuja kumpongeza. Mlaso wa Wachagga, yaani damu ya mnyama iliyopikwa na maziwa, una chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kuliko cha mboga yoyote, mradi uive. Asiyekula damu apate ini, gramu 100 mara moja kwa wiki. Juisi ya bitiruti imepata sifa kwa rangi yake tu. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu 1 ya chuma.

Hapo ndipo utetezi wa chungu unapokwama. Mwanamke aliyepoteza mililita 500 za damu wakati wa kujifungua ameondokewa na karibu miligramu 200 za chuma. Kwa chakula cha kawaida mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na sehemu ya hizo hufidia kinachopotea kila siku. Piga hesabu: ni miezi, hata kwa anayekula vizuri. Tena wengi huingia leba damu ikiwa tayari pungufu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta takriban wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa nchi za namna hii, Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi ameze vidonge vya chuma kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Vidonge vyenyewe ni vilevile vya FEFO (chuma na asidi ya foliki) alivyopewa kliniki akiwa mjamzito, na mara nyingi vimebaki nusu pakiti kwenye droo.

Vinaachwa kwa sababu zinazojulikana. Vinaleta kichefuchefu, vinafunga choo, na choo kinakuwa cheusi mtu akashtuka (weusi huo ni wa chuma kilichobaki, hauna madhara). Wengine humeza kwa chai, na chai huzuia chuma kisifyonzwe. Kidonge kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa, tumbo likiwa tupu kama linavumilia; chai na kahawa zisogezwe mbali kwa saa 2. Kikimchafua, akimeze usiku kabla ya kulala pamoja na chakula kidogo, au amuulize mhudumu kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Mwenye hamu ya udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni, aseme akipimwa: hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia kisifyonzwe.

Kipimo cha wingi wa damu kwa anayenyonyesha kikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, ana upungufu. Chini ya 8 ni upungufu mkali, asiutibu kwa mtori. Baada ya wiki 4 za vidonge, kiwango kinapaswa kuwa kimepanda kwa gramu 1 au 2. Kisipopanda, ama vidonge havimezwi, ama damu bado inatoka, ama kuna minyoo, malaria au selimundu. Kikifika sawa, aliyekuwa anatibiwa upungufu huendelea kumeza miezi 3 ili akiba ijae. Wengi huacha pale kizunguzungu kinapoisha.

Kukandwa tusikupuuze. Joto hulegeza misuli ya mgongo na kiuno, na mkandaji huenda akawa mtu pekee anayeuona mwili wa mzazi kila siku. Lakini maji yapimwe kwa kiwiko cha mkandaji, kitambaa kikamuliwe, na tumbo lisikandamizwe. Aliyepasuliwa asikandwe karibu na mshono. Kukalia mvuke wa maji yanayochemka kunaunguza, hasa penye nyuzi. Mkaja, kitambaa cha kufunga tumbo, husaidia tumbo lililolegea mradi kiganja kipite kati yake na ngozi na pumzi ndefu iingie. Ukikazwa zaidi unasukuma mzigo chini kwenye misuli ya nyonga. Kumlaza mzazi kutwa nzima nako ni kosa, kwani wiki 6 hizi ndizo damu huganda kwenye mishipa kwa urahisi zaidi. Atembee ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, homa ikifika nyuzi 38, pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au kichwa kikiuma na macho kuona ukungu, aende hospitali hapohapo.

Kuhusu kazi, wapinzani wa arobaini wana hoja nzito: mapumziko ya mwanamke mmoja yalilipwa kwa jasho la mwingine, wifi au mdogo wake aliyeachishwa shule. Ni kweli. Jibu letu ni kwamba zamu ya kwanza ni ya baba, ingawa sheria ya Tanzania inampa siku 3 tu za likizo, Kenya wiki 2. Mama aliyeajiriwa Tanzania ana siku 84, au 100 akizaa pacha. Mama lishe na muuza nyanya hawana hata moja.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo usingizi wa mfululizo hauji wenyewe. Njia inayofanya kazi ni hii: mama ananyonyesha saa 3 usiku na kulala, hadi saa 8 mtu mwingine ndiye anayebeba, anayecheusha na kubadilisha nepi. Mtoto akililia ziwa anasogezwa pale mama alipo, kisha anaondolewa. Mama hasimami.

Siku ya 41 hakuna anayeuliza tena. Mtoto hupelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anapimwa uzito, na aliyembeba mara nyingi hapimwi kitu. Aombe kupimwa wingi wa damu siku hiyohiyo. Uchovu unaozidi kati ya mwezi wa 4 na wa 8, pamoja na kuhisi baridi, kunenepa na choo kigumu, unadai kipimo cha homoni ya thairoidi. Tezi hiyo huvurugika kwa baadhi ya wanawake baada ya kuzaa, na dalili zake hufanana na za sonona. Kulialia siku za mwanzo huisha ndani ya wiki 2. Kukizidi hapo, kuna dodoso la Edinburgh la mwaka 1987 la kuchunguza sonona baada ya kuzaa, maswali 10 ambayo muuguzi huuliza kwa dakika chache. La mwisho linahusu wazo la kujidhuru, na jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa" halisubiri tarehe ya kliniki.