Sheria ya ngumi ya mfalme Amycus

Katika hadithi za Wagiriki wa kale, Amycus, mwana wa Poseidon mungu wa bahari, alitawala Wabebryces wa Bithynia, kaskazini-magharibi mwa Uturuki ya leo, na wageni aliwawekea sharti moja: haondoki mtu kabla hajapigana naye ngumi. Wengi aliwaua. Ndipo Argo, meli ya Jason na mashujaa wenzake waliokuwa safarini kutafuta ngozi ya dhahabu, ilipotia nanga, na mmoja wao, Polydeuces, pacha wa Castor, akajitokeza kwa niaba ya wenzake.

Anayetaka kumtetea mfalme huyu hakosi la kusema. Sharti lake alilitamka waziwazi na kulitekeleza kwa mikono yake mwenyewe, bila kutuma askari. Katika utenzi wa Apollonius wa Rhodes, wa karne ya 3 KK, mikanda migumu ya ngozi ya ng'ombe, ya kufunga mikononi wakati wa pambano, inawekwa chini, naye anamwachia mpinzani achague aitakayo, asije akalalamika baadaye. Wala kuwashuku wageni hakukuwa upuuzi, kwani muda mfupi kabla ya hapo mabaharia hao hao walikuwa wamemuua Cyzicus, mfalme aliyewakirimu, ingawa walimuua gizani bila kumtambua.

Utetezi huo, hata hivyo, unagota mahali pamoja: kumchagulisha mtu mikanda baada ya kumfungia njia ni adabu ya juujuu tu. Theocritus, mshairi wa karne hiyo hiyo, analionyesha hilo kwa jambo dogo. Polydeuces anamkuta Amycus kando ya chemchemi, masikio yakiwa yamepondeka kwa ngumi, anamsalimu kwa heshima na kuomba maji. Anajibiwa kwamba maji hayo hulipiwa kwa ngumi, na atakayeshindwa atakuwa mtumwa wa mshindi. Kwa watu walioamini kwamba Zeus, mkuu wa miungu, ndiye mlinzi wa wageni, jibu hilo lilitosha kumhukumu.

Kuhusu adhabu, washairi hawa wanaachana. Kwa Apollonius, Amycus anajiinua kwa ncha za vidole kama mchinja ng'ombe, Polydeuces anakwepa na kumpiga juu ya sikio, mifupa inavunjika, naye anakufa. Raia zake wanashambulia, wengi wanauawa, na kondoo wao wanaswagwa. Kwa Theocritus, anapigwa mpaka anainua mikono, kisha anaapa kwa jina la baba yake kwamba hatawasumbua tena wageni. Mimi naupa uzito mwisho huu wa pili, kwa kuwa Polydeuces, ambaye kwa masharti ya Amycus mwenyewe angeweza kumfanya mtumwa, hakuidai haki hiyo.