Dakika 5 za WordPress na fomu aliyojaza mshikaji

Hii ilinitokea mimi mwenyewe, na mshikaji niliyekuwa namfanyia kazi mpaka leo nikimkumbusha anakata simu.

Jamaa ni mpiga picha, akaniomba nimwekee saiti. Kwenye hostingi aliyolipia, yaani pa kuhifadhia saiti mtandaoni, kulikuwa na kitufe kabisa, unabonyeza mara moja WordPress, programu ya kuendeshea saiti, inajiinstoli yenyewe wewe unaangalia tu. Nikamwambia mwanangu hayo ni mambo ya wanaoanza, fundi anaweka kwa mkono. Nilikuwa nimesoma kwamba WordPress yenyewe miaka yote inajitapa kuinstoliwa kwa dakika 5, nikamwambia nipe nusu saa, hapo nimehesabu na muda wa kunywa maji.

Nikaanza saa mbili usiku. Nikadaunlodi zipu, nikaifungua kwenye laptop, nikawasha FileZilla, programu ya kupandishia mafaili, nikaanza kuyasukuma mafaili kwenye seva. Sasa yale mafaili ni zaidi ya elfu 2, na yanapanda kwa foleni kama wazee wanapanda ngazi, mtandao ukakata yakiwa nusu. Nikarudia, ukakata. Mara ya tatu ndio akili ikarudi kwamba ningeweza kupandisha zipu nzima kama faili moja nikaifungulie hukohuko kwenye seva. Saa nne na nusu hiyo. Nikaifungua, kumbe ndani kuna folda inaitwa wordpress, kwa hiyo badala ya vitu kukaa sebuleni public_html, folda ambayo saiti inafungukia, vikajifungia chumbani. Nikavitoa, hilo dogo.

Kubwa lilikuwa wp-config, faili la mipangilio ya saiti. Unachukua wp-config-sample.php, unaibadili jina iwe wp-config.php, ndani unaandika jina la databesi (ghala la taarifa za saiti), jina la yuza na paswedi, basi. Mistari mitatu. Mimi sijui shetani gani alinituma nikaifungua kwa Microsoft Word, nadhani ni kwa sababu herufi zilikuwa kubwa na macho yalishachoka, nikaifuta mistari ile nikaiandika upya vizuri, nikakopi nikapesti kwenye seva. Nafungua saiti, 500, lile kosa lisilosema sababu. Nikakagua paswedi herufi kwa herufi, iko sawa. Nikabadilisha paswedi, 500. Nikafuta databesi nikaunda nyingine, 500. Nikaamua tatizo ni seva, nikawaandikia watu wa hostingi ujumbe mkali wa aya nne, nikawaambia mimi sio mgeni wa haya mambo. Wakanijibu mstari mmoja: ndugu, alama zako za nukuu zimepinda.

Nikacheka kwa dharau. Halafu nikasogeza uso kwenye skrini.

Zimepinda kweli bana. Word ukiandika alama ya nukuu inaikunja inaiwekea kamkia ipendeze kama ya kitabuni, wakati PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa, inataka ile kavu iliyosimama wima, ikikutana na yenye mkia haijui hata kama ni nukuu, inadhani ni sehemu ya jina. Masaa mawili ya maisha yangu yameliwa na vimkia.

Nikarekebisha, sasa ikaniambia imeshindwa kuunganika na databesi, nikashangilia kabisa, maana ukikaa na kosa moja masaa mawili kosa jipya linakuwa kama zawadi. Hili nalo, nilikuwa nimeunda databesi mpya, yuza yupo, ila sikumpa ruhusa ya kuiingia, amesimama nje ya mlango paswedi mkononi. Nikampa. Saa nane usiku ukurasa ukafunguka, ule wa kuchagua lugha, ambao ukiupita unakuja kwenye fomu ya mwisho: jina la saiti, jina la admini, paswedi, imeli. Umemaliza.

Mtu mwenye akili hapo anajaza. Mimi nikamtumia mshikaji linki, "saiti iko hewani mwanangu, cheki kazi hiyo", nikajilaza kidogo ninyooshe mgongo.

Kuamka saa tatu asubuhi nakuta meseji: "Kaka iko poa sana. Ile fomu nimeshaijaza."

Nikakaa kitandani wima kama nukuu ya PHP.

Nikapiga simu. Fomu gani umejaza? Ile ya kwenye saiti kaka, nilidhani ni ya maoni. Lugha ulichagua ipi? "Niliona Afrikaans, nikajua hii ndio yetu Waafrika." Kwa hiyo fomu nzima ikamjia kwa Kiafrikaans na akaijaza hivyohivyo kwa imani. Kwenye jina la saiti akaandika HONGERA KAKA KAZI NZURI. Jina la admini akaweka namba yake ya simu. Paswedi ile ndefu yenye vimashetani ambayo mfumo unaitunga wenyewe akaiacha bila kuinakili, alidhani ni mitambo inaongea. Imeli yake mwenyewe akaikosea herufi, kwa hiyo hata ukiomba paswedi mpya inatumwa kusikojulikana.

Nafungua saiti, HONGERA KAKA KAZI NZURI, juu kabisa, mbele ya dunia.

Njia rahisi ilikuwa kufuta zile meza 12 kwenye databesi nianze upya, lakini mimi na njia rahisi tulishakosana tangu jana yake. Nikaingia phpMyAdmin, pa kuhariria databesi, nikaenda meza ya wp_users, nikabandika paswedi mpya kwa MD5, njia ya kuigeuza iwe msimbo, nikaingia. Dashibodi yote Kiafrikaans. Nikatafuta kwa kufuata vipicha mpaka nikapata pa kubadili lugha, nikarekebisha jina na imeli, nikapandisha picha zake, nikamkabidhi, tukashikana mikono.

Wiki ya kwanza akaniambia kaka mbona Google hainioni. Nikamwambia Google inachukua muda, vumilia. Wiki ya pili, vumilia. Wiki ya tatu nikampa somo refu sana kuhusu jinsi Google inavyofanya kazi, hata mimi nilijikubali. Nilipokata simu ndio nikakumbuka ile fomu huwa na kiboksi chini, cha kuziambia seachi injini zisiiguse hii saiti.

Nikampigia tena. Kaka, siku ile kulikuwa na kiboksi chini, ulikitiki?

"Nilikitiki ndio. Si cha kukubali masharti?"