Askari Aliyejeruhiwa: Mdai au Mwombaji?

Karibu na mji wa Loughborough, katikati ya Uingereza, kuna jumba la kale liitwalo Stanford Hall. Tangu 2018, hapo ndipo wanajeshi wa nchi hiyo waliopoteza viungo au kuumia ubongo wanapopelekwa kujifunza upya kutembea, kushika kijiko na kukumbuka majina ya watu. Kituo kiligharimu takriban pauni milioni 300, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka hazina ya serikali. Zilichangwa. Aliyeanzisha mpango huo ni Gerald Grosvenor, Duke wa Westminster, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza na mwenyewe ofisa wa jeshi la akiba, aliyefariki 2016 kabla kazi haijakamilika. Majengo yalipokwisha, taifa likakabidhiwa kama zawadi.

Kila nikiikumbuka habari hiyo hunijia mawazo mawili yanayogombana. La kwanza: Mungu amlipe. La pili: nchi inayomudu nyambizi za nyuklia ilingojaje tajiri mmoja aguswe moyo ndipo majeruhi wake wapate mahali panapofaa? Hata kituo kilichotangulia, Headley Court, bwawa lake la mazoezi lilijengwa kwa michango. Ndilo lililokuwa lengo la kwanza la Help for Heroes, shirika lililoanzishwa 2007 wakati majeruhi wa Iraq na Afghanistan wakizidi kurudishwa nyumbani. Watu walikimbia mbio, waliendesha baiskeli, walitingisha vikopo madukani, kisha bwawa likajengwa kwa ajili ya watumishi wa serikali walioumia wakiitumikia serikali.

Wanaoupinga utaratibu huu wana hoja nyepesi kuieleza na ngumu kuijibu. Askari, wanasema, si maskini wa kawaida anayepitiwa na msamaria njiani. Alitia saini. Alipewa amri akaitii. Akirudi hana mguu, kinachobaki kati yake na aliyemtuma ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Hata Louis XIV, ambaye hakuna aliyewahi kumsingizia upole, alilielewa hilo mwaka 1670 alipoamuru ijengwe Les Invalides mjini Paris ili askari wake walemavu na wazee wapate pa kulala. Askari wa mfalme akiombaomba barabarani, anayeaibika ni mfalme.

Tena sadaka ina macho. Mwaka 1854, vita vya Krimea vilipoanza kuwameza vijana wa Uingereza, ulianzishwa mfuko mkubwa wa hisani, Royal Patriotic Fund, kwa ajili ya wajane na yatima. Umma ulichanga zaidi ya pauni milioni moja, fedha nyingi mno kwa zama zile. Lakini mjane alipewa kwa sharti la mwenendo mwema. Akionekana mlevi, au akiishi na mwanamume asiye mumewe, posho ilikatwa. Baadaye mfuko huohuo ukalaumiwa kwa kukalia akiba wakati wajane wakihangaika. Mtu mwenye deni lake haulizwi jana usiku alilala wapi, ila anayepewa sadaka huulizwa.

Haki itendeke, hata hivyo: serikali nayo iliuliza. Mwaka 1914, posho za wake wa askari zilipokuwa tayari ni fedha za umma, polisi wa Uingereza waliagizwa kuwachunguza wanawake hao, na waliohesabiwa kuwa hawastahili wakatishiwa kunyang'anywa. Kwa hiyo tusiitwishe hisani dhambi ambayo dola iliitenda kwa kalamu yake yenyewe.

Hoja ya deni inauma zaidi tukiangalia waliopigana chini ya bendera za wengine. Gurkha Welfare Trust iliundwa 1969 kuwasaidia Wagurkha wa Nepal waliolitumikia jeshi la Uingereza. Wengi wao hawakuwa na pensheni ya jeshi kwa kuwa hawakutimiza miaka 15 ya utumishi, na miongoni mwao walikuwamo waliopigana Vita Kuu ya Pili kisha wakaachishwa kwa sababu hawakuhitajika tena. Sheria iliwaambia hawadai kitu, na hisani ikaja kuwapa kidogo. Au chukua tangazo la serikali ya Uingereza mwaka 2018: karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani na wajane katika nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wanaishi katika ufukara, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Fedha zilitangazwa na wizara ya maendeleo ya kimataifa, si ya ulinzi. Mwaka uliofuata ziliibuliwa nyaraka zilizoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari wa makoloni baada ya vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi pia, si kwa cheo tu, hata Mwafrika akaweza kulipwa theluthi ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Mzee wa miaka tisini na ushei akaletewa milo miwili. Kilichopaswa kuitwa malimbikizo kikaitwa msaada.

Tofauti ya majina haya mawili si ya kamusi tu. Ufaransa ilizigandisha pensheni za askari wake wa zamani kutoka makoloni kwa sheria ya 1959, zikabaki palepale huku za Wafaransa zikipanda. Ilichukua nusu karne, lakini Mei 2010 Baraza la Katiba la nchi hiyo liliamua kwamba ubaguzi huo ulivunja katiba. Waliofika pale walifika kama wadai. Ingekuwa ni msaada wa shirika la hisani uliopunjwa, wangemshitaki nani?

Tukiishia hapa jibu litaonekana rahisi: funga mashirika, serikali ilipe. Lakini kuna mfano mmoja wa historia unaonitia shaka kila mara ninapotaka kulisema hilo kwa sauti kubwa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliyoshindwa ilifanya karibu yote ambayo wapinzani wa hisani wangetaka. Sheria ya 1920 iliwapa askari walemavu pensheni kama haki, pamoja na matibabu na mafunzo ya kazi, na waajiri walilazimishwa kisheria kuwachukua. Mashirika ya hisani yalibanwa, kwa imani kwamba shujaa asitegemee huruma. Uingereza iliyoshinda ikafanya kinyume chake. Pensheni zilikuwa finyu, na kwa upande wa ajira serikali iliwaomba tu waajiri: ilifungua orodha ya heshima mwaka 1919, anayetaka ajiandikishe. Mengine yote yakaachiwa wenye mioyo. Ndipo likaja ua jekundu la bandia la kuwakumbuka waliokufa vitani, ambalo chama cha askari wa zamani kiitwacho leo Royal British Legion kililiuza kwa mara ya kwanza Novemba 1921 kikapata zaidi ya pauni 106,000, na mwaka uliofuata Meja George Howson akafungua karakana ambako walemavu wa vita wenyewe waliyatengeneza maua hayo.

Ungetarajia Mjerumani awe ameridhika na Mwingereza awe na hasira. Wanahistoria waliolinganisha nchi hizo mbili wamekuta kinyume. Walemavu wa vita wa Ujerumani, pamoja na haki zao zote, waliichukia jamhuri iliyowalipa, na chuki hiyo ikapata wa kuitumia. Wa Uingereza, waliopunjwa, walibaki watulivu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Mwingereza alikutana na jirani, mwajiri, mama mzee aliyemletea sigara hospitalini, watu waliomwonyesha kwamba wanajua alichopoteza. Mjerumani alikutana na karani. Karani hana shukrani ya kugawa. Ana fomu, na kila baada ya muda anakuita tena uthibitishe kwamba mkono haujaota.

Naiheshimu hoja hiyo bila kuimeza nzima. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita, na mfumuko wa bei wa 1923 ulizigeuza pensheni karatasi tupu. Ni vigumu kumdai mtu shukrani kwa fedha isiyonunua mkate. Na utulivu wa Mwingereza unaweza kusomwa vingine kabisa: kwamba hisani iliinunulia serikali amani kwa bei poa. Mtu anayeshikwa mkono kwa upole hupata taabu kupiga kelele. Hata hivyo, ndani ya mfano huo kuna jambo ambalo bajeti haiwezi kulinunua. Askari hutaka kulipwa, na hutaka pia kutambuliwa, na anayemtambua sharti awe mtu.

Kuna na suala la familia, na hapa nakiri mizani yangu huelemea upande wa hisani. Sheria huchelewa sana kuijua familia ilivyo. Jeshi la Uingereza la karne ya 19 liliruhusu askari wachache tu kuoa. Aliyeoa bila ruhusa, mkewe hakuwamo daftarini, na meli ilipong'oa nanga mwanamke huyo alibaki ufukweni bila posho wala nyumba. Machoni pa serikali hakuwapo. Ni chama cha hiari kilichoanzishwa 1885 na James Gildea kwa ajili ya familia za askari na mabaharia, kinachojulikana leo kama SSAFA, kilichokwenda kubisha milango. Mwaka 1914, ofisi ya vita ilipozidiwa na mamia ya maelfu ya madai, ni watu hao wa kujitolea waliobeba sehemu kubwa ya kazi hadi serikali ilipojenga mfumo wake, na wizara ya pensheni ikaundwa 1916. Hisani ilikuwa imeshalima njia.

Hata leo hali haijabadilika sana katika kiini chake. Mchumba ambaye hakuwahi kuandikishwa, mzazi aliyeacha kazi ili amuuguze mwanawe, aliyefukuzwa jeshini kwa utovu wa nidhamu ambao baadaye unagundulika ulikuwa kiwewe cha vita: hawa huangukia kati ya kifungu na kifungu. Na kodi ya nyumba ya Ijumaa haisubiri kamati ya rufaa. Navy-Marine Corps Relief Society ya Marekani, iliyoanzishwa 1904, hukopesha wanamaji bila riba gari linapoharibika au msiba unapotokea. Ukilitazama juujuu ni jambo dogo. Lakini shirika hilo liliwaona wateja wake wakija wamekabwa na wakopeshaji wa riba kali waliojazana karibu na kambi, likayapeleka hayo mbele ya bunge, na mwaka 2006 ikatungwa sheria ya kuweka kikomo cha asilimia 36 kwa mwaka katika mikopo hiyo kwa wanajeshi na wategemezi wao.

Kwangu mfano huo una uzito kuliko mabwawa yote ya mazoezi, kwa kuwa hapo msaada uligeuka ushahidi. Vivyo hivyo mwaka 1944. Miaka 12 kabla yake, maelfu ya askari wa zamani wa Marekani waliokwenda Washington kudai bonasi yao walifurushwa na jeshi lilelile walilolitumikia. American Legion, chama cha askari wa zamani, haikuridhika kugawa mablanketi safari hii. Iliandika rasimu ya sheria na kuisukuma hadi ikapita, na mamilioni wakasoma na kupata mikopo ya nyumba. (Askari weusi wengi walinyimwa mikopo hiyo na mabenki ya kwao, kwa hiyo hata haki iliyoandikwa hupotea njiani. Hilo ni somo jingine refu.)

Upande dhaifu wa hisani ni kwamba hufuata macho ya umma. Kijana aliyekatika miguu yote miwili hupigwa picha, na picha huleta fedha. Mwenye miaka hamsini asiyelala usiku, anayefoka watoto wakifunga mlango kwa kishindo, hana picha. Vita vikitoka kwenye habari, vikopo hupungua sauti, ilhali miili inazeeka na viungo bandia vinahitaji kubadilishwa maisha yote. Combat Stress, shirika la Uingereza la mwaka 1919 linalotibu majeraha ya akili ya askari, lilisitisha mapema 2020 kupokea wagonjwa wapya katika England na Wales baada ya fedha kutoka mfumo wa afya wa umma kupungua. Hapo mtu anajiuliza lile lilikuwa shirika la hisani au idara ya serikali iliyovaa nguo za kiraia.

Kuhusu ubadhirifu nitasema machache, maana ndio unaozungumzwa zaidi kuliko yote. Wounded Warrior Project ya Marekani ilitikiswa 2016 kwa habari za matumizi makubwa ya makongamano na safari. Viongozi wake wawili wa juu wakaondolewa na michango ikaporomoka. Ni haki kuuliza fedha zinakwenda wapi. Lakini shirika linaweza kuwa na hesabu safi kama maji ya mvua na bado likawa linaisaidia serikali kukwepa bili yake.

Nikiombwa mchango nitatoa, kwa sababu kodi ya Ijumaa ni ya Ijumaa. Ila nitataka kujua mambo mawili kabla sijafungua pochi: kitu hiki mnachokinunua, ni nani aliyepaswa kukinunua, na mmemwandikia lini mara ya mwisho? Shirika linalolishwa na ruzuku ya wizara litaona taabu kulijibu la pili. Na taabu hiyo, hata kabla ya jibu lenyewe, itanieleza kama ninalichangia shirika au ninaichangia wizara.